Bwana Alinitoa Shimoni kwa Dirisha la Mlandege

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioketi mbele, asifiwe na walioketi nyuma, asifiwe hata na aliyesimama nje kwa sababu anaogopa kuingia! Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilisimama nje ya kanisa hili Jumapili nyingi, mvua ikininyeshea, nikisikiliza nyimbo zenu kupitia ukuta. Wengine mlidhani nimekosana na mchungaji. Wengine mlisema nimerudia mizimu. Leo nimeomba nafasi niwaeleze ilivyokuwa, na sitaficha hata mahali panaponiaibisha.

Mnanifahamu, mimi ni Ambakisye wa hapa hapa Ilomba. Zamani nilikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Chunya. Nilianza kazi sina ndevu, na nilipofika miaka ishirini na minane nilikuwa nashuka shimoni kama mtu anavyoingia jikoni kwa mama yake. Nilijisifu, ndugu zangu! Mgeni akija mgodini, akashika ngazi huku magoti yanagongana, mimi ndiye niliyemcheka kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimebatizwa, ndiyo, na jina langu lilikuwa katika kitabu cha kanisa. Lakini Mungu nilikuwa namwacha juu pamoja na koti langu, nashuka na nguvu zangu mwenyewe.

Mwenzangu wa kazi aliitwa Asegelile, mtu wa Rungwe, mwembamba, mpenda kuimba. Tulichimba pamoja miaka mitatu. Alikuwa akiimba nami nikimwambia anyamaze, naye anacheka, anaendelea kuimba.

Mwezi wa pili wa mwaka ule mvua haikupumzika. Ardhi ililewa maji. Asubuhi moja tukiwa chini wawili sisi tukasikia gogo la nguzo linalia. Mti ukilia shimoni hugeuki kuutazama, unakimbia. Hatukuwahi. Mlima wote uliketi juu yetu!

Taa zikazimika. Mguu wangu wa kushoto ulibanwa na jiwe. Asegelile alikuwa ubavuni pangu, bega lake limegusa bega langu, lakini kifua chake kilikuwa chini ya gogo. Tulikaa hivyo mchana ule, usiku wake, na nusu ya siku ya pili.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu. Asegelile aliniambia, "Ambakisye, nizungumzie. Sema lolote, hata habari za kuku wa mama yako. Ukimya huu unanimaliza." Ndugu zangu, sikuwa na la kusema! Mimi niliyekuwa nacheka watu! Hofu ilinikaba koo kama mkono wa mtu. Akaniomba mara ya pili. Akaniomba mara ya tatu. Nikanyamaza. Halafu na yeye akanyamaza. Walipotufikia mchana wa siku ya pili, mimi walinitoa hai. Yeye walimtoa amefunikwa blanketi.

Nililala hospitali miezi miwili, kisha nikaletwa nyumbani hapa Ilomba kwa mke wangu, Tupokigwe. Watu walikuja na maziwa na ndizi, wakasema, "Mungu amekuponya." Nami niliitikia kwa mdomo. Lakini sikuwa nimetoka shimoni. Mwili ulitoka, mimi nilibaki kule. Mlango ukifungwa tu, hata mchana, hata kama jua linawaka, nilikuwa naona udongo unashuka. Jasho linanitoka, kifua kinabana, nalia kama mtoto. Nyumba yetu mnaijua ilivyokuwa, ya matofali mabichi, na dirisha moja la mbao lenye ukubwa wa sinia. Nikahamia uani. Nilikaa chini ya ukingo wa paa mwezi wa tano, mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya hamhitaji kuhadithiwa. Nililala hapo na mablanketi mawili na mguu usiopona. Kanisani nilifika mpaka kwenye ngazi, basi. Na kuomba niliacha kabisa. Nikifumba macho niombe, lilikuwa giza lile lile.

Tupokigwe alivumilia. Alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza. Aliota moto uani pamoja nami, akaleta chakula uani, akawajibu majirani kwa niaba yangu. Siku moja mwezi wa saba, upepo mkali unashuka kutoka mlimani, alinibembeleza niingie ndani ninywe uji. Nikaingia. Upepo ukapuliza moshi ndani, naye, bila kufikiri, akausukuma mlango ukafungika.

Ndugu zangu, nilichukua kigoda nikakirusha. Sikumlenga, lakini kilimpata. Kilimpata juu ya jicho akaanguka kwa magoti, mkono mmoja kwenye tumbo, mwingine usoni, na damu inapita katikati ya vidole.

Hakupiga kelele. Alifungua mlango kwanza, nataka mjue hilo! Alinifungulia mlango kwanza, ndipo akajifuta. Kisha akasema, "Nilikubali kukaa na mtu mwenye hofu. Sikukubali kupigwa na hofu yake." Kesho yake kaka yake akaja, akamchukua kwenda kwa baba yao, Rungwe. Mimi nilibaki uani na jungu la uji baridi.

Habari zilimfikia dada yangu Subilaga, ambaye ameolewa Iringa, mtaa wa Mlandege. Hakuandika barua. Alikuja mwenyewe. Alinikuta ndevu zimenizidi, akanitazama kichwa hadi mguu, akasema, "Gwe Ambakisye, simama twende."

"Siwezi kupanda basi, dada."

"Sikukuuliza kama unaweza basi. Nimesema twende."

Akatafuta lori la magunia ya mahindi. Yeye aliketi mbele na dereva, mimi nikapandishwa juu ya magunia, nikafungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa sikukuu nisianguke. Tulipita Makambako, baridi inakata masikio, nikafika Iringa midomo imepasuka na vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Lakini nilifika.

Mume wa dada yangu, shemeji Kalinga, ni Mhehe, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Daktari wa hospitali ya misheni alipouona mguu wangu alisema mfupa umeunga vibaya, akaunyoosha upya, akaufunga kwa mbao, akaagiza nilale chali wiki nyingi, nisiukanyage. Kulala ndani! Nilitaka kukimbia, lakini mtu hakimbii na mguu wa namna hiyo. Nikamshika dada mkono, nikamwambia, "Ukiniweka chumbani nitakufa."

Shemeji Kalinga alikuwa amesimama mlangoni na penseli sikioni. Alikwenda katika chumba alichokuwa akifanyia kazi upande wa nyuma, akahamisha meza yake, mbao zake na randa zake zote akazipeleka barazani, akafagia vumbi la mbao, akaingiza kitanda. Chumba kile alikuwa amekiwekea dirisha kubwa la vioo ili aone vizuri mstari wa penseli. Kitanda akakisogeza mpaka kikagusa ukuta chini ya dirisha lile. Akanibeba yeye mwenyewe. Kwa miezi mitano shemeji yangu alifanya kazi barazani, kwenye jua na kwenye manyunyu, wala hakunikumbusha hata mara moja. Mungu amkumbuke!

Tukawekeana sharti na dada. Dirisha halifungwi, mlango haufungwi. Akasema, "Sawa. Mwizi akiingia utamkaribisha."

Siku za kwanza sikuangalia kitu nje. Lile dirisha kwangu lilikuwa njia ya kutokea tu. Nilikuwa napima kwa macho, kutoka kwenye mto wa kichwa hadi kizingiti mikono miwili, kutoka kizingiti hadi chini mikono mitatu. Nilipima asubuhi, nikapima mchana, nikapima jioni, kama kwamba ukuta ungesogea.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo, mti wa mpera, jalala la maganda, na kupakana na uwanja kulikuwa na majabali. Waliofika Iringa wanayajua majabali yale, makubwa kuliko nyumba, yamelaliana. Asubuhi moja nikiwa katika kupima kwangu, nikaona kitu kimekaa juu ya jiwe. Nikadhani ni sungura, lakini hakikuwa na masikio marefu. Nikadhani ni panya mkubwa, lakini hakikuwa na mkia. Kilikuwa kinanitazama. Kilikuwa na uso wa mzee aliyeamshwa usingizini.

"Dada, ni nini kile?"

Dada alikuwa anapepeta mchele. "Pimbi. Wanakula mboga zangu hao."

Akatokea wa pili, wa tatu, wakaja mpaka kumi na mmoja, wakajilaza juani wamebanana kama mikate. Lakini yule wa kwanza hakulala. Alikwenda kwenye ncha ya jiwe la juu, akakaa peke yake, akageuza kichwa huku na huku. Baadaye wenzake wakashuka kula majani, yeye hakushuka. Nikajiuliza, huyu hana njaa? Nani amemweka pale? Kesho yake nikaangalia tena. Kuna mwingine aliyekaa pale! Nilimjua kwa sikio lake lililokatika. Basi wana zamu! Lakini nani anapanga zamu? Wanasikilizana kwa njia gani? Kwa sauti? Kwa harufu?

Ndugu zangu, nawaambia kitu cha ajabu. Kwa muda wa saa nzima sikuwa nimepima ukuta.

Nikaanza kuwasubiri. Nikaamka na swali badala ya kuamka na jasho. Shemeji alinipa kipande cha ubao na penseli, nikawa nachora alama, nani alitangulia kutoka, nani alishika zamu, walirudi ndani jua likiwa wapi. Nikaona na wengine. Palikuwa na mjusi mwenye kichwa chekundu aliyepiga pushapu juu ya jiwe kama askari. Sikujua anamsalimu nani mpaka nilipomwona jike amejificha ufani. Palikuwa na kalunguyeye, yule mdogo wa miiba, aliyekuja jalalani magharibi, akikoroma kama mzee anayekula supu. Na kinyonga, ambaye kwetu watu humwogopa! Nilimtazama akivuka tawi moja la mpera kuanzia dada alipobandika maharage mpaka maharage yalipoiva.

Dada akiingia nilikuwa namhadithia. Siku moja akaacha ndoo ya maji chini, akasema, "Tangu ufike hapa hujawahi kusema maneno mengi hivi."

Na sala, ndugu zangu! Nataka mjue nilivyorudi katika sala, maana wengi wanadhani Mungu anataka maneno makubwa. Ilikuwa mwezi wa tisa, miezi saba tangu shimo. Nilikuwa namtazama yule mwenye sikio lililokatika, jua limemkalia usoni, macho yanataka kufumba, hafumbi. Nikasema kwa sauti, "Bwana, hivi huyu analala saa ngapi?"

Nikashtuka. Nilikuwa nimesema na Bwana! Macho yakiwa wazi! Sala yangu ya kwanza baada ya miezi saba ilikuwa swali la pimbi, wala sikuadhibiwa kwa hilo. Nikauliza na la pili. Nikauliza na la tatu. Jioni nikamwambia shemeji, naye hakucheka. Alisema Neno lenyewe linawataja wanyama hao, kwamba wao ni dhaifu na Mungu amewapa miamba wakimbilie. "Kwa hiyo usione haya kuuliza habari zao," akasema. "Aliyewaumba anawafahamu."

Lakini msidhani njia ilinyooka. Mwezi wa kumi, asubuhi yenye jua zuri, mlinzi alipiga mlio mkali, pimbi wote wakaruka ndani ya nyufa. Wote, ila mtoto mmoja. Alikuwa amechelewa kwenye majani. Tai akashuka. Sikusikia hata mbawa. Nikaona kivuli, nikaona makucha, nikaona mtoto anapaa. Ikaisha.

Nikageukia ukutani siku ile yote na siku iliyofuata, sikula. Nilimwambia Mungu maneno makali. Nilimwuliza kwa nini mlinzi alishika zamu yake vizuri, akapiga mlio kwa wakati, na bado mtoto akachukuliwa. Sikupewa jibu. Mpaka leo sijapewa, na sitawadanganya hapa mbele ya madhabahu.

Siku ya tatu, swali dogo likaniwasha. Je, watatoka? Nilijikaza nisigeuke. Likaniwasha tena. Je, watatoka leo, au wamehama? Nikageuza kichwa. Majabali yalikuwa matupu. Nikangoja. Jua likapanda mpaka usawa wa mpera. Kisha pua moja ikatokea ufani, ikarudi. Ikatokea tena. Yule mwenye sikio lililokatika akapanda kwenye ncha ya jiwe, pale pale kivuli kilipopita, akakaa. Wakatoka wengine, mmoja mmoja, wakajilaza juani. Nikahesabu kumi. Nikalia, ndugu zangu, lakini nililia nikiwa natazama.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaanza. Wakati huo nilikuwa na jambo jipya la kuchunguza. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo kama sindano, alikuwa anajenga kiota kwenye tawi la mpera lililokaribia kabisa dirisha. Jike peke yake ndiye alikuwa anajenga. Dume, mwenye kung'aa kijani kama kanzu ya harusi, alikuwa anaimba tu juu ya tawi. Nikamwuliza dada, "Kwa nini dume hafanyi kazi?" Dada akajibu, "Muulize mwenyewe, mwanamume mwenzako."

Jike alileta utando wa buibui. Utando, ndugu zangu! Nani alimfundisha kuwa utando unashika kuliko gundi ya shemeji yangu? Alifunga nyasi kwa utando, akaingia ndani, akajisukuma kwa kifua kuzunguka ili kiota kipate tumbo. Kilikuwa kifuko kinachoning'inia, tundu lake pembeni, si kubwa kuliko kizibo cha debe. Alipotaga, aliketi humo, mdomo tu unaonekana.

Siku moja mvua kubwa ilikuja na upepo. Tawi lilirushwa juu na chini, kiota kinayumba kama kitu kitakachokatika sasa hivi. Nilikuwa nimekaa kitandani, uso wangu karibu na kioo, natazama kama yule mama atatoka. Mtu yeyote angetoka! Ndani ni giza, ni pembamba, na nyumba yote inarushwa. Hakutoka. Mdomo ulibaki pale pale tunduni. Natazama, natazama, mpaka kioo kikajaa mvuke wa pumzi zangu, nikakifuta kwa kiganja, nikaendelea kutazama.

Kioo! Nilikuwa nimegusa kioo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikageuka. Mlango pia ulikuwa umefungwa. Nikaita, "Dada! Nani amefunga?"

Dada akafungua mlango polepole, na kitambaa mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa. "Ni mimi. Mvua ilikuwa inaingia kitandani kwako. Nilikusemesha, hukusikia, ulikuwa umemkodolea macho ndege wako. Nikafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, Ambakisye. Sasa ni saa nane."

Nilihisi ile mikono ya hofu ya shimoni inaniendea kooni. Nikamwangalia dada, nikaangalia mlango, kisha nikasema, "Ngoja kwanza." Nikageuka nikatazama kiota. Mdomo ulikuwa bado upo. Nikapumua. Nikatazama tena. Nikapumua tena. Ile mikono ikanizunguka, ikanizunguka, ikakosa pa kushika. Ikaniacha! Haleluya! Nikamwambia dada, "Acha dirisha limefungwa. Fungua mlango kidogo tu." Naye akaketi sakafuni pale pale, akalia kwa kitambaa kile cha jikoni.

Mchana ule ule, mvua ikiwa bado inanyesha, nilimweleza habari za Asegelile. Alivyoniomba mara tatu. Nilivyonyamaza. Nilitegemea dada atanifariji aseme si kosa lako. Hakusema hivyo. Aliuliza, "Mama yake yupo hai?"

"Yupo."

"Basi mimi si mtu wa kuambiwa hayo. Mguu ukipona nenda ukamwambie yeye."

Mwezi wa kwanza nikatoka Iringa kwa miguu yangu miwili na fimbo. Safari hii nilipanda basi, ndani, kiti cha dirishani. Sitajisifu, nilishuka mara mbili njiani nikapumua na dereva akakasirika. Lakini nilifika Rungwe.

Mama Asegelile alikuwa anapalilia migomba. Aliponiona alijua mimi ni nani, akaniita ndani. Nyumba ya mianzi, yenye moshi, mlango mfupi. Nikainama nikaingia. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Nikasema, "Mama, mwanao aliniomba nimzungumzie, nami nikanyamaza mpaka akafa. Nimekuja usikie kwangu."

Alisogeza kuni motoni. Nilisikia matone ya umande yanadondoka kwenye majani ya migomba. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mlikuwa mbali?"

"Hapana, mama. Bega kwa bega."

"Alikuwa anasikia ukipumua?"

"Ndiyo. Nilikuwa nahema kwa nguvu."

Akatikisa kichwa. "Mwaka mzima nimekaa najua alikufa peke yake. Hakuna aliyenieleza. Kumbe alikuwa na mtu." Akachukua mkono wangu akauweka kati ya mikono yake miwili, ngumu kama jembe. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Ananishukuru! Mimi nilikwenda kupokea laana, ndugu zangu, nikapewa shukrani na bakuli la maziwa mgando!

Kutoka hapo nikaenda kwa baba mkwe wangu. Tupokigwe alitoka na mtoto mgongoni, wa miezi mitatu, binti, ambaye sikuwahi kumwona. Juu ya jicho la mke wangu kovu lilikuwepo. Lipo mpaka leo, na mnaliona. Sikuingia na maneno mengi. Nikamwambia, "Nilikuumiza. Si shimo lililokuumiza, ni mimi. Naomba msamaha, na ukisema hapana nitarudi nilikotoka."

Akauliza, "Mlango ukifungwa sasa inakuwaje?"

"Mchana naweza. Usiku sijui."

Baba yake alikohoa, akamwambia binti yake, "Angesema anaweza yote ningemfukuza." Lakini Tupokigwe hakurudi nami siku ile. Alinifanya nije mara nne, nikae, nimshike mtoto, niondoke. Mara ya tano alikuwa amefunga mzigo. Kabla hajarudi nilikuwa nimebomoa ukuta wa nyumba yetu upande wa shamba, na shemeji Kalinga alikuwa ametuletea kutoka Iringa, juu ya lori, fremu ya dirisha pana aliyoichonga mwenyewe.

Ndugu zangu, hiyo ni miaka minne sasa. Shimoni sikurudi. Nalima viazi na pareto, na mke wangu amenisamehe, ingawa ilichukua muda, na ilikuwa haki yake kuchukua muda. Hofu haijafa. Inakuja wakati mwingine, hasa mvua za mwezi wa pili. Lakini sasa najua la kufanya ikija. Nauliza kitu. Natazama kitu alichokiumba Mungu, kilicho hai, kilicho mbele yangu, namwuliza Yeye habari zake mpaka pumzi zinarudi. Nilidhani imani ni kuwa na majibu. Mimi Bwana alinivuta kwa maswali!

Namshukuru Mungu wa mbinguni, Kyala wetu, ambaye shimo halimzuii. Nashukuru dada yangu na shemeji yangu. Nashukuru mama wa Rungwe ambaye leo ni mama yangu. Siku hizi watu wanazungumza sana habari za uhuru, na ni neno zuri, nami nalingoja kama ninyi. Lakini nasema kama yupo hapa aliyefungwa ndani ya moyo wake, asingoje. Mwamini Bwana leo, hata kama huna maneno, hata kama unasimama nje ya mlango. Mwulize chochote.

Na kama unaona haya kuja mbele hapa, basi njoo kwangu. Nyumba yetu ni ile iliyo juu ya mfereji, yenye dirisha kubwa upande wa shamba. Tangu wiki iliyopita kuna mnyama anakuja asubuhi mapema kwenye viazi vyangu. Anachimba shimo jembamba, anachukua kiazi kimoja tu, halafu analifukia tena vizuri kama mtu mwenye adabu. Nimemwona mgongo, sijamwona uso. Tupokigwe anasema ni nungunungu. Mimi nakataa. Njooni tumtazame pamoja. Kuna kigoda cha pili, na uji upo.